Kuharibika na Kuharibiwa: Hofu ya Mzazi katika Tungo za Malezi

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hakuna mkaazi wa mwambao asiyeijua methali hii, na washairi wameitumia mara nyingi katika tungo za siasa, za mapenzi na za urafiki uliogeuka uhasama. Pahala pamoja imekuwa nadra kuonekana, napo ni katika tungo za malezi. Anapofika kwenye usalama wa mwanawe, mtunzi wa Kiswahili aghalabu huiacha nguo akaitazama njia. Humwonya mtoto asiende mbali, asichelewe, asizungumze na asiyemjua, asidanganywe na vya watu. Hatari huwa huko nje, na nyumba huwa ndiyo ngome. Makala haya yanakusudia kuichunguza hofu hiyo ya mzazi kama inavyojitokeza katika ngano, tenzi na riwaya, na kuuliza iwapo lugha iliyorithiwa inatosha kuibeba sasa, baada ya mengi kujulikana kuhusu udhalilishaji wa watoto.

Ni vyema kuanzia bara, Choma, katika Wilaya ya Igunga, Mkoa wa Tabora. Hiyo ni nchi ya tambarare, ya ng'ombe, pamba na mpunga, na wakaazi wake wengi ni Wanyamwezi na Wasukuma. Miongoni mwa ngano mashuhuri za watu hao ni ile ya Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na mifugo yao. Alisalimika mwanamke mmoja mjamzito, ambaye husimuliwa kwamba alijificha ndani ya rundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, akaitwa Masala Kulangwa. Kijana alipopata akili aliuliza watu wengine wako wapi, mama akamweleza. Tangu hapo akawa anatoka kuwinda na kurudi na alichokiua, leo panzi, kesho ndege, keshokutwa mnyama mkubwa zaidi, na kila mara akimuuliza mama kama huyo ndiye Shing'weng'we. Mama hujibu kuwa siye. Hatimaye akalikuta zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wakatoka wakiwa hai.

Ngano hii kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni hadithi ya ushujaa na ukombozi, na hivyo ndivyo ilivyotumiwa hata na wahubiri na wanasiasa. Lakini msomaji anayeitazama kwa jicho la mzazi ataona jambo jingine. Mtoto ameambiwa kuna kiumbe cha kuogopwa, wala hakuelezwa sura yake. Ndiyo maana anarudi na panzi. Anauliza, na laiti mama asingemjibu, au angemkemea kwa kuuliza, angeendelea kuua panzi maisha yake yote huku zimwi likimngoja. Suala la namna ya kumwambia mtoto ni lipi la kuogopa, na la kumruhusu aulize, limo ndani ya ngano hii ya kale, ijapokuwa wasimulizi wengi hulipita haraka ili wafike kwenye vita.

Kwa nini zimwi la Shing'weng'we linatoka nje ya kijiji, na si ndani yake? Jawabu moja limo katika historia. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe ambako Tabora ilisimama, na kutoka hapo ikaendelea hadi Ujiji. Wanyamwezi wenyewe walikuwa wapagazi hodari wa njia hiyo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyezaliwa Unguja, aliifuata njia hiyo akiwa bado kijana, na baba yake alikuwa na makaazi Tabora. Pembe za ndovu zilishuka pwani kwa njia hiyo, na watu waliotekwa walishushwa pia, watoto wakiwa miongoni mwao. Vita vya Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, navyo viliongeza wasiwasi wa vijiji. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 misafara ya miguu ilikuwa inakwisha, lakini kumbukumbu ya mtoto anayetoka kuchota maji asirudi haikwisha pamoja nayo.

Njia hiyohiyo iliyosafirisha watu ilisafirisha lugha. Kiswahili kilikita mizizi Tabora mapema kuliko pahala pengi pa bara, na hadithi za pwani na za bara zikakutana. Mwambao una zimwi lake. Msichana amekwenda ufukweni na wenzake kuokota makombe, akasahau kombe lake juu ya jiwe, akarudi peke yake kulichukua. Zimwi likamtia ndani ya ngoma, likawa linazunguka vijijini na kuwaamuru watu walilishe, nalo litawapigia ngoma inayoimba. Baadaye ikaja hofu ya mumiani, mtu anayesemwa kuwa hunyonya damu za watu ili akauze, na habari zake zilienea kutoka miji ya pwani hadi vituo vya reli na machimbo ya bara. Katika simulizi zote hizo adui ni mpita njia. Hana ukoo na mtoto, hana jina, na aghalabu hana sura ya mtu.

Isidhaniwe kwamba hofu hiyo ni upuuzi. Kanda ya Ziwa na Tabora zilishuhudia mauaji ya watu wenye ualbino kuanzia katikati ya miaka ya 2000, na watoto walikuwa miongoni mwa waliolengwa zaidi. Wazazi waliwahamishia watoto wao kwenye skuli za bweni na vituo vilivyozungushiwa kuta. Mapema mwaka 2019 mkoa wa Njombe ulitikiswa na utekaji na mauaji ya watoto wadogo, na hofu ikaenea nchi nzima hata kwa wazazi wasiowahi kufika Njombe. Anayemcheka mzazi anayemshika mtoto mkono kwa nguvu njiani hajui anachokicheka.

Hata hivyo, katika kesi hizo hizo ndipo methali ya kikulacho ilipoanza kusikika. Katika mauaji ya watoto wenye ualbino, mara kadhaa waliokamatwa walikuwa jamaa wa mtoto. Mwaka 2024, mkoani Kagera, mtoto mwenye ualbino ambaye hata miaka mitatu hakuifikisha alichukuliwa nyumbani kwao na kuuawa, na baba mzazi akawa miongoni mwa walioshitakiwa. Wale waliozoea kuitazama njia walilazimika kugeuza shingo.

Takwimu nazo zilikuwa zimekwisha kusema. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011, Serikali ikishirikiana na UNICEF na wataalamu wengine, uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 kuhusu utoto wao. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walieleza kuwa walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wasichana, karibu nusu walisema ulitokea ndani ya nyumba ya mtu. Njia ya kwenda na kurudi skuli ilitajwa, na skuli yenyewe ikatajwa. Wageni hawakukosekana katika majibu hayo, lakini majirani, jamaa, wapenzi na wenye mamlaka juu ya mtoto kwa pamoja waliwapita wageni. Takriban nusu ya wasichana hawakumwambia mtu yeyote, na kwa wavulana walionyamaza walikuwa wengi zaidi.

Kwa Zanzibar uchunguzi huo ulionesha takriban asilimia 6 ya wasichana na asilimia 9 ya wavulana. Tarakimu hizo ni ndogo kuliko za bara, na msomaji wa visiwani anaweza kuzipokea kwa faraja. Faraja hiyo isifanyiwe haraka, kwani pahala penye kuthamini sana sitara huenda pia pana waliochagua kunyamaza hata mbele ya muulizaji. Zaidi ya hayo, wavulana wamewazidi wasichana. Atakayefungua diwani za visiwani akatafuta shairi la kumhofia mtoto wa kiume kwa jambo hili atatafuta sana.

Hapa ndipo uhakiki unapopaswa kuingia, kwa sababu elimu hii mpya imewafikia wazazi kabla ya kuifikia fasihi. Mama wa Choma ambaye zamani alihofia njia, leo amesikia redioni, ama kwenye mkutano wa kijiji, kwamba amtazame pia shemeji anayelala sebuleni, jirani anayempa mtoto pipi, na mwalimu anayemwita mwanafunzi abaki baada ya masomo. Hofu yake haikupungua kwa kuujua ukweli. Imebadilika mwelekeo, na mwelekeo huu mpya ni mzito zaidi, maana mzazi alizoea kuwategemea watu haohao. Malezi ya Kiafrika yalisimama juu ya mikono mingi. Mjomba, shangazi, babu mwenye utani na wajukuu zake, jirani aliyekuwa na haki ya kumkanya mtoto wa mwenziwe, wote walikuwa walezi. Mzazi anayeambiwa awashuku wote anaambiwa alee peke yake, na mkulima wa Choma hana uwezo huo. Mtoto wake lazima achote maji, achunge ng'ombe, atembee hadi skuli. Kumfungia hakuwezekani hata kama angetaka.

Na kule ambako kumfungia kuliwezekana, fasihi imekwisha kuonesha matokeo yake. Katika riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, Bwana Maksuudi anamtawisha binti yake Maimuna ndani ya nyumba kubwa, asione mtu wala asionekane. Kwa macho ya mtaa huyo ni baba anayelinda heshima ya mwanawe. Msomaji hupewa kumjua upande wa pili, mwanamume aliyewaharibia wanawake wengine maisha yao, na ambaye anaijua hatari inayomngojea msichana kwa kuwa yeye mwenyewe ni hatari hiyo kwa mabinti wa watu. Maimuna anapotoka hajui dunia ilivyo, na dunia inamla. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971 na kuzuiwa kwa muda isisomwe skulini, Zakaria anampiga Rosa kikatili kwa sababu ya barua kutoka kwa mvulana. Rosa anajifunza kumwogopa baba. Juu ya wanaume wengine hakufunzwa lolote, na anapofika mbali na fimbo ya baba anakuwa mikononi mwa wakubwa waliopewa dhamana juu yake.

Miongozo ya mitihani imewazoesha wanafunzi kuandika kwamba dhamira ya riwaya hizi ni athari za malezi mabaya, na kwamba wazazi wawe na kiasi. Usomaji huo si wa makosa, ila umeishia mlangoni. Waandishi hawa wawili, mmoja wa Zanzibar na mwengine wa Ukerewe, walionesha jambo gumu zaidi miongo kadhaa kabla ya tarakimu za 2011. Ulinzi wa Maksuudi na wa Zakaria una shabaha moja, nayo ni kulinda jina la baba. Mtoto ndani ya ulinzi huo ni chombo kisichotakiwa kupata ufa. Alipopata ufa alitupwa.

Lugha yenyewe inathibitisha. Kiswahili kina neno la kale kwa msichana aliyefikwa na maafa haya: ameharibika. Mjuzi wa sarufi ataona kwamba kauli hii ya kutendeka haina mtenda. Chakula huharibika, maembe huharibika, saa huharibika. Hakuna anayeulizwa. Kauli ya kutendwa, ameharibiwa, humlazimisha msikilizaji aulize ameharibiwa na nani. Vivyo hivyo watu husema msichana amepata mimba, kana kwamba aliiokota njiani, na ni mara chache kusikia kuwa amepewa mimba na fulani. Tungo za malezi zimejaa kauli ya kwanza. Mwana huonywa asije akaharibika, na ubeti hufungwa kwa vina vizuri bila ya mtu yeyote kutajwa kuwa ndiye mwenye kuharibu.

Jambo hili si la sarufi peke yake. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015 na 2016 ulionesha kuwa asilimia 43 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 katika Mkoa wa Tabora walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 27. Nyuma ya kila mimba kulikuwa na mwanamume, na wengi wao walijulikana. Lakini hadi Novemba 2021, ulipotangazwa uamuzi wa kuwaruhusu wanafunzi waliojifungua kurejea masomoni, skuli za serikali za bara zilikuwa zikimfukuza msichana. Alifukuzwa aliyeharibika. Mzazi wa Choma aliyeujua utaratibu huo alikuwa na sababu ya kumhofia binti yake kuliko kumhofia mtu aliyemzunguka, kwa kuwa adhabu ilimwangukia binti kwanza. Hofu ya mzazi haizuki hewani. Huumbwa na yale ambayo jamii inamwadhibia mtoto.

Mtu anaweza kudai kwamba lawama hii inaugusa utendi wa wosia kuanzia chimbuko lake. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858 na mama mgonjwa aliyehofia kwamba hatauona ukubwa wa binti yake. Ni utungo wa hofu kabla ya kuwa utungo wa adabu, na pengine hilo ndilo lililouhifadhi miaka yote hii. Mama anamkabidhi binti kila alichonacho, naye hana kingine cha kumpa isipokuwa mafunzo. Shaaban Robert, aliyefiwa na mkewe na kubaki na watoto, alifuata njia hiyo kwa kumtungia binti Utenzi wa Hati na mtoto wa kiume Utenzi wa Adili. Haifai kuwahukumu watunzi hawa kwa elimu ya leo. Waliandika wakiwa ukingoni mwa kutengana na watoto wao, na mtu katika hali hiyo humsemesha mtoto kwa sababu ndiye aliye mbele yake.

Tatizo liko kwa warithi wao. Ule wosia ulioandikwa na mzazi mmoja kwa mtoto mmoja umegeuzwa kuwa kanuni, na kanuni ikamwachia mtoto kazi ya kujilinda. Kwa miongo mingi kurasa za mashairi magazetini na vipindi vya redio vimekuwa na shairi la kumuusia binti atulie, ajistiri, asipende vya bure. Anayesemeshwa ni yule mdogo. Mkubwa husikia shairi hilo kama msikilizaji wa pembeni, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na hakuna ubeti unaomgeukia yeye.

Ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala alizikuza na kuzieneza, zingeweza kuleta nafuu. Mnyampala alikuwa mwana wa Ugogo, nchi iliyopitiwa na njia ileile ya misafara, na umbo alilolikuza huwapa wahusika wawili au zaidi nafasi ya kujibizana jukwaani. Kwa umbo hilo mtoto angeweza kuuliza kama Masala Kulangwa, na mkubwa akalazimika kujibu. Katika sherehe za skuli za siku hizi ngonjera za kupinga ukatili huimbwa mara kwa mara, lakini aghalabu mtoto huwekewa mdomoni maneno ya wakubwa. Huapa mbele ya wageni rasmi kwamba atasema hapana na atatoa taarifa. Wageni hupiga makofi. Hakuna ubeti unaomuuliza mgeni rasmi atafanya nini siku taarifa hiyo itakapomfikia, na mtuhumiwa akiwa ni rafiki yake.

Msamiati mpya nao una kasoro zake. Bara limechagua neno ukatili, na Zanzibar udhalilishaji, neno ambalo limeingia hadi katika mahakama maalumu zilizoanzishwa visiwani mwaka 2021 kusikiliza makosa hayo. Neno la Zanzibar lina ubora wake. Kudhalilisha ni kumshusha mtu hadhi, kwa hiyo linakubali kwamba mtoto alikuwa na hadhi kabla, na kwamba yupo aliyeishusha. Lakini nomino ikitumiwa peke yake humficha tena mtenda. Mashairi mengi ya kampeni husema tuupinge udhalilishaji, kana kwamba udhalilishaji ni upepo wa kaskazi unaotoka baharini. Ni Shing'weng'we mwengine huyo: anatisha, amemeza watu, na hana sura.

Watetezi wa sanaa ya mwambao watajibu kwamba ushairi wa Kiswahili haukuumbwa kusema mambo wazi. Umejengwa juu ya fumbo, na fumbo ni adabu. Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Sitara ina kazi yake ya heshima. Mtoto aliyedhulumiwa anastahiki kufunikwa, jina lake lisitangazwe, habari yake isigeuzwe kuwa mazungumzo ya barazani, naye asijulikane maisha yake yote kwa jambo moja lililomfika. Mshairi anayemfumba mtoto huyo anatenda wema. Swali ni fumbo hilo linamfunika nani. Likiwafunika wawili pamoja, aliyedhulumiwa na aliyedhulumu, basi limefanya kazi ambayo mdhalimu angeilipia. Ushairi wa kale ulijua kutofautisha. Mafumbo ya malumbano yalimfunika msemaji na kumwacha msemwa akijitambua mwenyewe mbele za watu. Ufundi huo upo, na watunzi wa leo wanautumia vyema wanapomsema kiongozi mlafi. Hakuna kinachozuia utumike kumsema mjomba, jirani au mwalimu, bila ya jina, kwa namna ambayo atakayeusikia utungo huo akiwa na kosa hilo atashindwa kuketi.

Liko jukumu la pili, na bila hilo la kwanza huleta madhara. Mshairi akiwataja wa karibu tu na kunyamaza, atawaacha wazazi na shaka isiyo na mpaka. Baba ataogopa kumpakata mwanawe mbele ya majirani, mwalimu mwema ataogopa kumfuta machozi mwanafunzi, na bibi hataachiwa wajukuu usiku. Mtoto ataambiwa dunia yote ni zimwi. Utungo wa kweli hauna budi kumwonesha pia mkubwa anayeaminika anafananaje, ambaye hamtaki mtoto amfichie siri, ambaye husikiliza kwanza, ambaye hakasiriki kwa kuulizwa. Mtoto asiyejua sura ya uaminifu hawezi kuijua sura ya khiyana. Watu hao wapo Choma na wapo Pemba, nao ndio wengi. Fasihi imewaandika kidogo sana.

Kwa hayo yote, ngano zile mbili zinastahiki kusomwa upya hadi mwisho wake. Ile ya zimwi na ngoma husimuliwa kwa watoto ili wasirudi ufukweni peke yao, na msimulizi akifika hapo hudhani amemaliza. Kumbe kilichomwokoa msichana kinatokea baadaye. Zimwi lilifika kijijini kwao bila ya kujua, likapiga ngoma, na wazazi wakaitambua sauti iliyokuwa ikiimba ndani. Vijiji vingine vyote vilisikia wimbo mzuri, vikacheza, vikalilisha zimwi. Wazazi walisikia mtoto wao. Kisha hawakumuuliza kwa nini alisahau kombe. Walilishughulisha zimwi kwa chakula, wakaifungua ngoma.

Ile ya Shing'weng'we nayo ina mwisho ambao wasimulizi wa haraka huuacha. Masala Kulangwa alipokuwa akilipasua tumbo la zimwi, kisu chake kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Bibi akatoka akiwa hai, kama wenzake, lakini akamkasirikia kijana na kutaka kumdhuru. Mtoto aliyesema ukweli na kuuokoa ukoo alikutana na hasira ya mtu aliyemwokoa, kwa sababu wokovu wenyewe ulimuumiza. Kila familia iliyopokea habari ya namna hii kutoka kinywani mwa mtoto inamjua bibi huyo. Huja kwa sura ya shangazi anayesema mambo yaishie ndani, au ya mzee anayekumbusha kwamba mtuhumiwa ndiye anayelipa ada za skuli. Sikio lake limekatwa, na maumivu yake ni ya kweli. Ngano inampa nafasi ya kulia. Haimrudishi kijana katika tumbo la zimwi ili bibi apoe.